Maswali Kuhusu Gari la Bluu la Mama Daktari

Jumamosi, 3 Agosti

Nimekwenda kupima madirisha ya watu, nimerudi sijijui.

Mteja ni daktari wa meno aliyestaafu. Wote tunamwita Mama Daktari. Anataka mapazia mapya nyumba nzima. Sebule nimepima vizuri. Chumba cha kulala nimepima vizuri. Nikafika dirisha la jikoni, nikachungulia nje, nikaona banda, na ndani ya banda kitu kimefunikwa shuka la maua. Nikauliza kama na lile shuka ni la kushonwa upya. Mama Daktari akacheka, akanipeleka, akalivuta shuka.

Gari la spoti. Milango miwili. Bluu ya wino. Limelala chini kama paka aliyeshiba. Gia za otomatiki, akasema, na hapo nikajua ni langu, kwa sababu mguu wangu wa kushoto na klachi havijawahi kuelewana tangu nilipoanza kujifunza udereva. Hili halina klachi. Hili linataka mguu mmoja tu, na huo ninao.

Anauza. Anasema kuingia anaweza, kutoka ndiyo shida, magoti.

Nimerudi kwa miguu. Sijui nimepita njia gani. Dirisha la jikoni sikulipima.

Jumapili, 4 Agosti

Shemeji amekuja kula mchana. Huyu ni kaka yake mke wangu, na ana gari la kijivu la familia ambalo huliosha kila Jumapili mbele ya nyumba yetu. Kwao pia kuna bomba. Nimelichunguza jambo hilo.

Nilikuwa nimeapa kukaa kimya. Nikajikaza hadi kwenye matunda. Ndipo Shemeji akasema eti mwanamume wa kweli anabadilisha gia mwenyewe, na kwamba otomatiki ni gari la watu wanaotaka kubebwa. Nikamjibu kwamba kuna otomatiki na otomatiki. Akauliza kama ipi. Nikamwambia kama ile ya bluu iliyoko kwa Mama Daktari, nyuma ya nyumba, ndani ya banda, chini ya shuka la maua.

Akasema hana habari nayo. Kisha akauliza ni nyumba ipi hasa.

Mke wangu alikuwa anakusanya sahani. Akachukua na yangu kabla sijamaliza.

Jumanne, 6 Agosti

Siku ya mkakati. Nimemweleza mke wangu kwamba biashara yetu ya mapazia inakosa sura. Mteja akimwona fundi ameshuka kwenye gari la namna ile, ataagiza mahameli bila kuuliza bei. Nilizungumza vizuri. Hata mimi niliguswa.

Aliendelea kushona. Akauliza fimbo za mapazia zitakaa wapi. Nikasema zitatokeza dirishani. Akauliza watoto watakaa wapi. Nikasema watoto wanakua, wanaondoka. Wa kwanza ana miaka tisa.

Pesa ipo, lakini ina mwenyewe: ni ya cherehani kubwa, ile ya vitambaa vizito, tuliyoisubiri muda mrefu. Bila cherehani hiyo anashona mahameli kwa mkono, na vidole vyake vinavimba. Hilo nalijua. Nilipolikumbuka nikageuza uso, nikaangalia ukutani.

Ila hakukataa. Amesema, "Nenda kaulize kwanza, baba watoto. Uliza kwa nini anauza. Liliwahi kugongwa? Nani alikuwa analitengeneza? Mafuta ya giaboksi yamebadilishwa lini? Spea zinapatikana? Ukirudi na majibu ya kueleweka, tutakaa tuongee."

Tutakaa tuongee. Mwaka mzima sijasikia maneno matamu kama hayo. Usingizini nimeendesha barabara isiyo na mwisho, na kila taa nikifika inageuka kijani.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeuliza. Yaani, nimeanza kuuliza.

Nilikariri maswali njia nzima. Nilipofika nikauliza la kwanza, kwa nini anauza. Badala ya magoti, safari hii Mama Daktari akanisimulia kuhusu marehemu mume wake. Walikuwa wakifunga kliniki jioni wanaondoka na gari hili, hawana wanakokwenda, wanafika mahali fulani pa juu penye upepo, wanazima injini, wanakaa. Basi. Hawazungumzi hata. Miaka yote hiyo watu wamewafungulia midomo kutwa, akasema, kimya kilikuwa raha yao.

Baada ya hapo, mtu na akili zako, unauliza vipi kama liliwahi kugongwa?

Akanipa ufunguo. Nikakaa. Siti ikanipokea kama inanijua. Nikaweka gia kwenye D, ile ya kwenda mbele, nikaachia breki, na gari likaondoka lenyewe, taratibu, kama wazo. Barabara ya mikaratusi. Vivuli vikipita juu ya boneti, kimoja, kingine, kingine. Sikusikia injini. Nilisikia majani.

Lilipopanda gia ya tatu lilisita kidogo. Kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuongea. Kisha likaendelea. Mama Daktari akasema hufanya hivyo likipata moto. Nikaona ni adabu.

Nyumbani mke wangu akataka majibu. Nikamwambia yote ni mazuri. Akauliza yapi. Nikamwambia siti zinanukia ngozi na karafuu kwa mbali. Akauliza giaboksi ilisemaje. Nikasema giaboksi ina heshima zake.

Kesho kutwa nimeamriwa niende na fundi.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimekwenda na fundi wa gereji ya mtaa wa pili. Watu humwita Hapana, kwa sababu gari lolote ukimpelekea hilo ndilo neno lake la kwanza. Mke wangu ndiye aliyemchagua.

Akafungua boneti. Akasema hapana. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, akakifuta kwa kitambaa, akakinusa, akaninusisha na mimi. Mafuta meusi. Harufu ya sufuria iliyosahaulika jikoni. Akasema mafuta mazima huwa mekundu, safi, hayana harufu hiyo. Giaboksi imeanza kuchoka, inaweza kwenda miezi, inaweza isifike sokoni.

Kisha akaomba akae ndani kidogo, asikilize injini. Akafunga mlango. Nikasubiri. Injini hakuiwasha. Alikaa mikono juu ya usukani, macho kwenye ukuta wa banda, kwa muda mrefu. Aliposhuka alikuwa mpole, hata sauti ilikuwa imebadilika. Akaniuliza polepole kama nina uhakika nalichukua, kwa maana kama silichukui, yeye ana shangazi aliyemwachia kiwanja, na kiwanja huuzika.

Nikaona hatari. Lakini pia nikaona mwanya. Gari lina kasoro. Mwenye kasoro hushusha bei. Kinachotakiwa ni kujitia sina haja nalo. Nikamwambia Mama Daktari, kwa uso wa mtu aliyeshiba magari, kwamba nitafikiria, sina haraka. Akasema vizuri, yeye pia hana.

Nimeondoka kwa madaha. Kwenye kona nilirudi nyuma hatua chache kulitazama tena kupitia uwazi wa geti.

Jumatatu, 12 Agosti

Naendelea kutokuwa na haraka. Ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani.

Leo tulikuwa na mahameli ya ukumbi wa harusi, kitambaa kizito cha rangi ya divai, agizo kubwa kuliko yote ya mwaka huu. Mimi hukata, mke wangu hushona. Nilikitandaza mezani, kikaenda na kwenda, kina mkunjo mmoja katikati kama barabara inayopanda mlima. Nikaweka mkasi. Nikaweka D. Nikapanda mlima ule bila kelele, mkono mmoja dirishani.

Nilipofika juu nilikuwa nimekata mapazia yote mafupi.

Mke wangu akayainua moja moja. Yanafika magotini.  Angenigombeza ningepata pa kujitetea. Alikwenda stoo akarudi na kitambaa cha rangi ya dhahabu kilichobaki kazi ya mwaka jana, akaanza kuyaongezea ukanda chini, kwa mkono, pazia baada ya pazia. Nikamshikia taa. Nikamwambia yanapendeza kuliko tulivyoagizwa. Akasema nishike taa.

Jumatano, 14 Agosti

Mapazia ya ukumbi wameyapenda. Wamesifu ubunifu wangu. Sikuwasahihisha.

Nikapata nguvu. Nikabeba mapazia ya Mama Daktari, nikaenda kuyatundika, na kwa bahati tu, nikiwa pale, nijaribu kushusha bei ya gari.

Banda liko wazi. Shuka la maua limekunjwa vizuri juu ya kiti.

Nikapanda ngazi kuweka fimbo ya sebuleni, nikauliza kwa sauti ya mtu asiyejali. Mama Daktari akasema limechukuliwa jana. Bwana mmoja mpole, ana gari la kijivu. Alisema ni ndugu yangu, na kwamba ametumwa na moyo wake. Mama Daktari alimkumbusha kuna mtu mwingine anafikiria. Bwana akamwambia huyo anamfahamu vizuri, hana haraka.

Shemeji. Aliyenilia matunda yangu mezani kwangu. Mwanamume wa kubadilisha gia mwenyewe.

Nimeyatundika yote. La jikoni nililikisia, na limekuwa kubwa mno. Linafunika dirisha, sinki na kabati. Mama Daktari kasema haidhuru, upande ule hana tena cha kuangalia. Nikashuka ngazi haraka nikifuta macho, nikasema ni vumbi.

Jumapili, 18 Agosti

Shemeji amekuja kula. La kijivu ameliuza. Ameliegesha la bluu mahali ambapo naliona kupitia dirisha la karakana yetu ya kushonea, likiwa na jua ubavuni.

Ni mrefu, magoti yanamgusa usukani. Anashuka kwa mikono kwanza. Lakini uso wake, nilikiri moyoni, ulikuwa wa mtu aliyetoka kuoga mtoni. Hakujisifu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Aliuliza kama napenda tuzunguke kidogo. Nikasema nina kazi. Nilikuwa nimeshika sindano isiyo na uzi.

Alipoondoka lilisita penye kona, likasafisha koo. Ningeweza kumwambia habari ya mafuta meusi. Nilifungua mdomo. Kisha nikaufunga, nikala embe.

Alhamisi, 22 Agosti

Limekufa. Katikati ya mzunguko wa barabara, saa za watu kutoka kazini. Injini inanguruma, gari haliendi mbele wala nyuma. Honi kila upande.

Nilipata habari nikiwa dukani kwa vifungo. Ilipaswa kuwa siku yangu kubwa. Nilikwenda mbio nikafurahie kwa macho yangu. Nikamkuta Shemeji amesimama kando ya mlango, amelegea, tai imepinda, anawaomba radhi madereva mmoja mmoja. Nikajikuta niko nyuma ya gari. Nikaweka viganja juu ya ile bluu. Ilikuwa ya moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Tukasukuma, mimi na yeye, hadi kando.

Hapana akaja. Akanusa. Hakusema hata neno lake. Alitikisa kichwa, akavua kofia.

Jioni mke wangu alimkalisha kaka yake jikoni. Akamuuliza kwa nini hakuuliza chochote kabla ya kununua: giaboksi, fundi, ajali, chochote. Shemeji akajibu kwa unyonge, "Dada, nilijua mumeo keshauliza yote. Niliona ameliganda wiki nzima. Nikasema lingekuwa bovu angeshaachana nalo."

Wote wawili wakanigeukia. Nikakumbuka kuna pasi nimeiacha kwenye moto.

Jumapili, 25 Agosti

Safari hii sisi ndio tumekwenda kula kwa Shemeji. Gari liko uani kwake, limeegemea ukuta. Mvua ilianza tulipofika. Wanawake wakaingia ndani. Shemeji akasema ngoja aangalie kama madirisha yamefungwa, nikasema ngoja nimsaidie, na kwa sababu ya mvua ikabidi tukae ndani yake.

Tukafunga milango. Dunia ikanyamaza. Matone yakatambaa kwenye kioo yakirudi nyuma, hivyo ukilegeza macho kidogo, unaona kabisa kwamba unakwenda. Ngozi na karafuu. Shemeji kashika usukani. Hatukusema kitu. Sijui tulikaa muda gani. Ukuta ukageuka barabara, barabara ikapanda mahali pa juu, pakawa na upepo.

Shemeji akasema, polepole ili asituamshe, kwamba kesho anakuja mtu wa vyuma chakavu.  Nikamwambia amrudishe. Nikamwambia nanunua nusu.

Akafikiri. Akauliza nusu ipi. Tukabishana kidogo hapo, kwa sababu mimi nilitaka ya usukani. Mwisho tumekubaliana kupokezana. Akauliza kama nina swali lolote kabla hajapokea pesa yangu. Nikajiuliza kwa haki kabisa, na nikaona sina.

Mke wangu akaja na mwavuli kutuita mezani. Akagonga kioo. Alituangalia sisi wawili tumekaa wima, mikanda tumefunga. Akauliza, "Mnaenda wapi?"

Tukamwambia hatujakubaliana bado.

Habari ya pesa ya cherehani nitamweleza mke wangu wiki ijayo, akiwa amepumzika. Jambo la haraka ni giaboksi. Shemeji anamjua mtu anayemjua mtu aliye nayo moja iliyotumika, inauzwa rahisi ajabu, ila anataka pesa yote asubuhi na hapendi kusumbuliwa. Tutakuwa mlangoni kwake jua likichomoza, kabla Hapana hajasikia. Shemeji alitaka kuuliza imetolewa kwenye gari gani. Nimemkanya. Mtu wa bei hiyo ukimchosha kwa maswali anaweza kubadilisha mawazo.