Mkaa Ndani ya Gari la Chanjo

Jamani, leo nimeaibika. Mchana kweupe, bisibisi mkononi, mbele ya watu wasiopungua ishirini. Nawaandikia ninyi wawili mliosoma nami ufundi wa magari kabla hamjazipata habari hizi kwa makondakta wa basi la Arusha, maana wao wataongeza chumvi. Mimi siongezi. Haihitajiki.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi gari jeupe la mradi wa mifugo liliingia hapa gereji likikohoa. Ni gari refu la Kimarekani. Mtafiti mmoja aliliacha aliporudi kwao, mradi ukalirithi. Ndani mlikuwa na watu watatu na sanduku moja. Kwanza Dokta Rehema, daktari wa mifugo. Wa pili Gwandu, dereva, mtu wa Ganako, mpole, hapotezi maneno. Wa tatu Koinet, mfugaji wa Nainokanoka, aliyeteremka jana ili awaonyeshe njia ya bomani kwao. Sanduku lilikuwa na chanjo ya sotoka, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe, imezungushiwa barafu waliyoiomba hotelini.

Dokta alinieleza kwa ufupi. Ng'ombe wa Nainokanoka wamezuiwa zizini tangu alfajiri. Barafu itastahimili mpaka saa kumi. Ikiyeyuka, chanjo imekufa, na kupata nyingine ni kusubiri miezi. Sotoka yenyewe haisubiri.

“Lazima tuondoke hapa kabla ya saa saba,” alisema. “Utaweza, Fundi?”

“Saa saba ni mbali, Dokta. Saa nne mtakuwa njiani.”

(Nilikuwa sijafungua hata boneti.)

Utaratibu wangu mnaujua. Siligusi gari kabla sijaandika malalamiko ya mteja kwenye daftari, neno kwa neno, pamoja na saa. Chuoni mlinicheka kwa hilo. Nikachukua kalamu, nikamwita Gwandu.

“Likienda kilomita sita hivi linaishiwa nguvu, linazima,” alisema. “Nikifungua mfuniko wa tangi la petroli linavuta hewa, fyuu! Nikifunga, nikipiga starti, linawaka, tunaenda. Baadaye linazima tena.”

Nikaandika yote. Nikapigia mstari kwa rula. Nikafunga daftari, nikaliweka dirishani, na tangu hapo sikulitazama tena.

Nikafungua boneti, nikatafuta kabureta. Haikuwapo. Nikazunguka upande wa pili, kana kwamba kabureta iliniona nakuja ikahama. Na huko haikuwapo. Badala yake kulikuwa na nozeli, moja kwa kila silinda, kama za lori la dizeli, na gari lenyewe ni la petroli. Mipira ilipitana kama utumbo wa mbuzi.

“Hili halina kabureta,” Gwandu aliniambia kwa sauti ya chini, kwa heshima. “Mzungu alisema petroli inapulizwa na nozeli.”

“Najua, najua. Nimeshayafungua mengi.” (Idadi kamili ya niliyokwisha kuyafungua: hakuna.)

Dokta akavuta droo ya dashibodi, akatoa kitabu kinene. “Kitabu cha gari hiki hapa. Kina picha.”

“Kitabu ni cha wanaoanza, Dokta.”

Akanitazama kidogo. Akakirudisha.

Saa tatu nilikuwa nasafisha kila kilichosafishika. Filta ya hewa ilikuwa na vumbi la kutosha kupandia vitunguu. Nozeli nilizitoa moja moja, nikazifuta ncha, nikazirudisha kwa adabu. Plagi nikazipiga brashi. Wakati huo Gwandu alifungua mfuniko wa tangi, akapima petroli kwa kijiti, akafunga. Nikapiga starti. Gari likawaka mara moja, likatulia kwa mlio mmoja kama cherehani.

“Mnaona?” nilisema.

Gwandu akautazama mfuniko wa tangi. Nilidhani ni mshangao.

Saa nne na robo tukalijaribu kwenye barabara ya kupandia lango la hifadhi la Lodoare. Mimi kwenye usukani, Gwandu kando yangu, Koinet nyuma. Kilomita ya kwanza, safi. Ya tatu, safi. Nikaanza kupiga mluzi. Ya sita, likaishiwa nguvu, likakohoa mara mbili, likazima.

Gwandu akashuka bila kuambiwa. Akafungua mfuniko. Fyuu! Hata Koinet nyuma aliisikia. Akafunga, akarudi, akaketi. Nikapiga starti. Likawaka.

“Umesikia, Fundi?”

“Hiyo ni injini imepumzika tu, ndiyo maana imewaka.”

“Imepumzika nusu dakika?” Koinet aliuliza. “Hata punda hapumziki hivyo.”

Saa tano kasoro robo tulikuwa tumerudi. Dokta alikuwa amekaa kwenye kiti cha Mama Tarsila, anayeuza chai na mandazi kando ya ukuta wa gereji yangu. Sanduku la chanjo alilikalisha kivulini na kulifunika kwa kanga mbichi.  Alitazama saa yake tu, kisha akanitazama mimi. Ningependa angenigombeza.

Ndipo nilipoifuata harufu iliyotoka mbele ya injini. Karibu na taa ya kushoto, chini kabisa, kulikuwa na kopo jeusi la plastiki, ukubwa wa kopo la maziwa ya unga. Mpira mmoja ulilijia kutoka tangini, mwingine ulitoka hapo kwenda kwenye injini. Nikalinusa: petroli. Nikalitikisa: halina petroli, linalia chakachaka. Katika maisha yangu sikuwahi kuona kitu kama kile.

Mtu mwenye akili angekiomba kile kitabu. Mimi nilichukua bisibisi.

Na hapo ndipo basi la Arusha lilipopata pancha mbele ya gereji. Abiria wakashuka, wakanyoosha miguu, wakatafuta cha kutazama. Wakanipata mimi.

Kifuniko cha chini cha lile kopo kilikuwa na tope gumu. Nikakibandua, nikakitupa pembeni bila kukikagua. Nikachomoa kipande cha sponji. Vikamwagika vitu vyeusi juu ya viatu vyangu.

Mkaa.

Punje ndogo ndogo, safi, zinazong'aa. Nusu ikabaki koponi, nusu ikawa chini. Watu wakasogea.

“Mkaa?” mmoja wa abiria aliuliza. “Ndani ya gari?”

Mnajua hali ya siku hizi. Sabuni ikikosekana dukani, kuna mhujumu uchumi. Kiberiti kikikosekana, kuna mhujumu. Vipuri ndiyo usiseme. Nikaona kila kitu kwa mara moja, wazi kabisa, na kila nilichokiona hakikuwa kweli.

“Hii ni hujuma!” nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya mkutano wa hadhara. “Kifaa halisi kimetolewa humu, kikauzwa. Kopo likajazwa mkaa ili lisionekane tupu!”

Kisha nikamtazama Gwandu. Sikutaja jina. Sikuhitaji, maana watu ishirini waligeuka wakatazama nilikotazama.

Gwandu aliutazama ule mkaa. “Fundi,” alisema, “mimi kwangu napikia kuni.”

“Gwandu yuko na gari hili miaka mitatu,” Dokta alisema. Alikuwa ameshasimama.

“Mimi nasema ninachokiona, Dokta.”

Koinet aliinama, akaokota punje moja, akaitazama kwenye jua. “Rafiki, hili ni gari au ni jiko?”

Wakacheka. Nikacheka nao, nikidhani anachekwa Gwandu.

Katika zogo hilo hakuna aliyemwangalia Mama Tarsila. Yeye haoni mkaa chini akauacha. Alikuja na mfuniko wa sufuria, akazoa ule uliomwagika, akarudi zake na kuumimina kwenye jiko lenye moto. Sasa mkaa ule ulikuwa umekunywa mvuke wa petroli kwa miaka.

Fwaa! Moto ulisimama kimo cha mtu. Birika likaruka. Mama Tarsila akaruka zaidi ya birika. Beseni la mandazi likapinduka, mandazi yakabingirika mpaka chini ya basi. Hakuna aliyeumia, ila kila mtu alipiga kelele kama aliyeumia.

“Fundi Aloyce! Unataka kuniua?”

“Nani kakutuma kuuzoa, Mama?”

“Na wewe nani kakutuma kuumwaga?”

 Nilipogeuka, Dokta alikuwa amekaa ndani ya gari, mlango wazi, kitabu mapajani. Alifunua kurasa bila haraka, akafika mahali, akasoma. Akatoka.

“Fundi, Kiingereza unasoma?”

“Nasoma.”

“Soma hapa. Halafu uwatafsirie, maana na wao walisikia uliyoyasema.”

Kulikuwa na picha ya kopo. Kopo lile lile, na mshale. Nikasoma mara moja kimoyomoyo. Nikasoma mara ya pili, nikitumaini itakuwa imebadilika. Haikubadilika.

“Kopo hili,” nilitafsiri, “limejazwa mkaa kiwandani. Mvuke wa petroli ukitoka tangini, mkaa unaunyonya usipotee hewani. Injini ikishawaka inauvuta mvuke huo na kuuchoma.”

“Kwa hiyo mkaa ni wa gari lenyewe,” Koinet alisema.

“Ni wa gari lenyewe.”

“Dereva hakuuweka.”

“Dereva hakuuweka.” (Nilijibu kama mtoto wa darasa la pili.)

“Endelea,” Dokta alisema. “Mstari wa chini yake.”

Mstari wa chini yake ulisema hivi: chini ya kopo kuna tundu la kuingizia hewa safi. Tundu likiziba, tangi haliwezi kupumua. Petroli inatoka, hewa haiingii kushika nafasi yake, mwishowe petroli inagoma kutoka na injini inazima.

Nikamaliza.  Gwandu akaenda pembeni, akaokota kile kifuniko nilichokitupa, akakigeuza. Tundu lilikuwa limezibwa kwa tope gumu, limepigwa lipu vizuri kuliko nyumba yangu. Nyigu. Nyigu walijenga humo.

Mngedhani yameishia hapo. Nami nilidhani hivyo. Lakini Dokta ni mtu wa kufuatilia.

“Gwandu, hukumwambia Fundi kwamba tangi linavuta hewa?”

“Nilimwambia. Aliandika.”

“Aliandika wapi?”

Mama Tarsila, nyusi zake zikinuka kuungua, alilifikia dirisha kabla yangu. Akalitoa daftari, akampa Dokta kwa mikono miwili, kama anayetoa sadaka.

Dokta alisoma kwa sauti, taratibu, pamoja na saa. Saa mbili na dakika kumi na tano. Likienda kilomita sita hivi linaishiwa nguvu. Nikifungua mfuniko wa tangi linavuta hewa, fyuu. Hata ile fyuu niliiandika, na alama ya mshangao nikaiweka. Mwandiko wangu unasomeka vizuri sana. Ni sifa niliyoihangaikia tangu darasa la tano, na leo nimeijutia.

Abiria walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kondakta aliyekuwa chini ya basi anafunga tairi alitoka akaomba aelezwe upya tangu mwanzo. Akaelezwa. Na watu watatu.

Nilikwenda mpaka aliposimama Gwandu. “Nisamehe, kaka. Nimekusingizia mbele za watu.”

“Tutaongea,” alisema. “Sasa hivi ni saa sita na barafu inayeyuka.”

Dokta akainua kifuniko cha sanduku kidogo, akachungulia. Vipande vilikuwa vimefikia ukubwa wa yai.

Kazi yenyewe ilichukua dakika ishirini. Nilitoboa tope la nyigu kwa spoki ya baiskeli, nikasafisha tundu mpaka likapitisha pumzi yangu. Ule mkaa uliobaki nilitaka kuurudisha. Gwandu akasema ukiwa nusu utachezacheza, utasagika, na unga wake utavutwa na injini. Safari hii nilimsikiliza. Tukauacha nje, tukarudisha kopo tupu na sponji na kifuniko chake ili tangi lipumue, na ule mpira wa kwenda kwenye injini tukauziba kwa kijiti na kuufunga waya. Kijiti alikichonga Koinet kwa sime, tena kikakaa sawasawa.

Saa sita na dakika arobaini wakaondoka. Nilisimama barabarani nikisikiliza mlio wa ile injini mpaka ukapotelea kilimani. Nikahesabu kilomita sita kichwani. Nikazihesabu tena, nikaendelea kusimama, mpaka mwenye duka la ng'ambo akaniuliza kama nasubiri lifti.

Mchana wote sikufanya kazi ya maana. Saa kumi na mbili na nusu likapita lori la ngozi kutoka Loliondo, dereva akanitupia kikaratasi. Ni mwandiko wa Dokta. “Tumefika saa tisa na nusu. Barafu imebaki kama kokoto lakini ipo. Chanjo ni nzima, tumeanza. Koinet anauliza kama gari likirudi linaweza kuchemsha maziwa. Gwandu amesema niandike hivi, neno kwa neno: Halikuzima.”

Nimekibandika kwenye daftari, chini ya malalamiko ya Gwandu.

Mama Tarsila naye amenisamehe kwa sharti. Nusu ya pili ya mkaa ameichukua, ameianika juani mbali na kila kitu, na anauliza gari jingine la namna ile litakuja lini.

Mkitaka kucheka, chekeni huko huko mliko. Utaratibu wangu sibadilishi: kila anachosema mteja nitakiandika, neno kwa neno, pamoja na saa. Nimeongeza hatua moja tu mwishoni. Kukisoma.