Asilimia Mia na Ishirini

Jumatatu, 5 Mei
Mimi, fundi cherehani, leo nimewapiku maprofesa wote! Mpwa wangu, binti wa dada, ameomba vyuo vikuu sita, vile vya kugombaniwa. Kila kimoja huchukua watu ishirini katika kila mia. Wenzake hawali, hawalali. Mimi nimeshika chaki yangu ya kuchoria vitambaa, nikapiga hesabu juu ya meza. Vyuo vitano tu, mara ishirini, tayari mia! Asilimia mia! Binti kaingia! Nikamwambia alale usingizi. Akanijibu eti nafasi si vitambaa, mjomba, haziungwi. Mtoto wa juzi huyo. Kila kitu huungwa, ukiwa na uzi.

Dada ameapa kwamba binti akikosa mwaka huu, atakuja kukaa kwenye cherehani yangu ya pili. Mungu apishe mbali. Siku ile aliyonisaidia alishona mkono wa shati mahali pa kola.

Jumanne, 6 Mei
Kumbe chuo cha sita ni ushauri wa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Bila kuniuliza! Eti akiba haiozi. Akiba ya nini, na mia tunayo kamili? Nimevuka barabara nikamwambia, mbele ya wateja wake, kwamba hiyo ishirini ya ziada ni yake, aichukue, siihitaji. Akacheka mpaka mashine ikapanda kwenye nyusi za mteja. Wivu tu. Nimerudi kumkatia mpwa joho la mahafali. Kitambaa cheusi, mita nne.

Jumatano, 7 Mei
Chuo cha kwanza kimekataa. Si neno, zimebaki themanini. Nani anaogopa themanini? Jioni kikakataa cha pili. Sitini. Bado ni zaidi ya nusu! Nimeshona mkono mmoja.

Ijumaa, 9 Mei
Cha tatu, cha nne, cha tano. Asubuhi moja! Mpwa kajifungia chumbani. Dada ameshaitia mafuta ile cherehani ya pili. Nikajumlisha upya. Sifuri. Nikazunguka meza, nikajumlisha kutokea upande wa pili. Sifuri.

Iliyobaki ni ile ya kinyozi. Nikavuka barabara, nikaomba nirudishiwe ishirini yangu. Akasema, hata mashine hakuzima, kwamba zawadi hairudishwi, na tena ameshaitumia. Wateja wakaangua kicheko. Kusema kweli, nimeogopa. Barua ya maombi yule mtoto aliiandika mara saba, nilimwona. Joho nimelificha nyuma ya majora ya vitambaa.

Jumamosi, 10 Mei
AMEPATA! Chuo cha sita! Saa nne asubuhi alitoka mbio na simu mkononi, hana hata viatu. Dada akanikumbatia na pini zangu zote kifuani. Tulipiga kelele pamoja, kila mtu kwa sababu yake.

Kinyozi naye akavuka, taulo begani, akidai kwamba binti ameingia kwa asilimia yake. Nikamjibu kwa upole wa mshindi. Nilisema ataingia, hakuingia? Hesabu haidanganyi! Mpwa akaanza tena kunieleza kwamba kila chuo kina bahati yake, na huwezi kujumlisha. Nikawa naitikia huku nampima mabega. Joho limemkaa vizuri. Mkono mmoja tu umezidi, lakini ataukunja.

Jumatatu, 12 Mei
Nimewaza sana. Nina miaka hamsini na miwili, na akili hizi zinaozea kwenye pindo za suruali za watu. Basi! Nimejaza fomu za vyuo kumi. Kumi mara ishirini ni mia mbili. Nitaingia mara mbili!

Nimeanza kukata joho langu. Mia ya ziada nimempa kinyozi, kwa moyo mweupe. Ila safari hii nimemtilisha sahihi, kwamba nikiihitaji atairudisha.