Mwanamke Aliyemo Kwenye Kisanduku

Jumatatu, 6 Oktoba

Sabra, mjukuu wangu, mke mwenzangu, huna haya. Idd ndogo ulikuja, ukala, ukalala, ukaondoka. Idd kubwa nikakuwekea paja la kuku mpaka likanuka. Nikampa paka. Sasa mabibo yameiva, ming'oko imechimbwa porini imejaa sokoni, na wewe bado uko Dodoma na kazi yako ya ofisini. Kazi gani hiyo isiyo na mwisho wa wiki? Basi naandika. Shule sikuikanyaga, unajua, lakini herufi ulinifundisha mwenyewe kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko, ulipokuwa darasa la pili. Ukuta ule nimekataa usipakwe chokaa hadi leo. Siku ukija utayasoma haya yote, mstari kwa mstari, na uone aibu.

Habari yenyewe ni hii laptopu yako ya zamani. Uliniachia ukasema niichezee tu. Nimeifunika kitambaa miezi yote kama mwali. Leo nimemfunua mwali.

Nataka ile ramani uliyonionyesha Idd, ile ya kutazama dunia kutoka juu kama mwewe. Tuliona nyumba yetu hapa Ufukoni ina paa la makuti, ilhali bati tumeezeka mwaka juzi. Ukaniambia picha ni ya zamani, mwewe wao hapiti kila siku. Sawa. Ukaanza kunipeleka kusini, kwenye mdomo wa Ruvuma nilikozaliwa. Hatujafika, umeme ukakatika. Basi roho yangu imebaki njiani tangu siku hiyo. Watu wanasema mto umehama. Mto unahamaje? Unafunga mizigo? Nataka kujua kama minazi ya mama yangu bado ipo au imeliwa na maji.

Nimewasha. Imewaka vizuri. Inaomba neno la siri la waifai.

Nimeandika "hodi". Imekataa.

Jumanne, 7 Oktoba

Neno la siri analo baba yako. Ndiye aliyekileta kile kisanduku chenye taa kinachotoa waifai, akakifunga ukutani kwao, upande wa pili wa ua. Nimemwuliza mama yako. Hajui. Simu yake iliunganishwa na mumewe siku ya kwanza, haikuulizwa tena. Ndiyo ndoa za siku hizi. Mtu anakula, hajui chumvi ilitoka wapi.

Baba yako yuko kazini kwenye gesi, Madimba, anarudi Ijumaa. Mama yako akampigia. Mimi na mkwe wangu, unajua, hatusemeshani uso kwa uso na majina hatutajani. Nikawa naongea na ukuta, mama yako anapeleka maneno. Nikauambia ukuta umwulize neno la siri ni lipi.

Kule baba yako akaguna. Akakohoa. Akasema Ijumaa akirudi ataiunganisha mwenyewe.

Nikauliza ukuta kwa nini neno lisisemwe sasa hivi. Akakohoa tena. Akasema neno lile yeye hawezi kulitamka.

Hawezi kulitamka! Mwanamume mzima aliyemaliza chuo.

Jirani yangu Rozalia alikuwa juu ya ukuta wake akisikia yote. Unamkumbuka, yule mstaafu wa ofisi ya bandari, mtu wa Moshi, laptopu yake kubwa kama ungo, kwaya inaimba humo toka asubuhi hadi kuku wanakataa kutaga. Hata siku moja hajanikaribisha nitazame. Leo akanipa elimu ya bure. Akasema wanaume wote huweka jina la yule wanayempenda. Akasema na kuniangalia. Kisha akashuka ukutani.

Jumatano, 8 Oktoba

Sikulala vizuri. Asubuhi nikasema nitamaliza udhia kabla ya chai. Ni jina la mama yako, kwisha. Nikaandika Latifa.

Imekataa.

Nikalazimika kumwita Rozalia. Nikamwita kwa adabu, Mama Goodluck, nikampa ming'oko ya moto kwenye sahani nzuri. Akala kwanza. Kisha akasema jina moja ni fupi mno, mashine hailitaki, watu huunganisha na la baba bila kuacha nafasi. Tukaandika la mama yako na la babu yako, Mungu amrehemu. Imekataa. Tukajaribu lako. Hapo pakawa na shida, maana la baba yako mimi silitaji, na kama silitaji kwa mdomo sitalitaja kwa kidole. Nikamwachia Rozalia abonyeze, mimi nikageuka kutazama kuku.

Imekataa.

Tukajaribu la ndugu yako Omari. Tukajaribu hata la mama yake baba yako, ambaye hampendi mtu na hapendwi. Imekataa yote.

Rozalia akafuta vidole akasema, basi yupo mwingine.

Sabra, nimezaa watoto wengi na ardhi imeniachia mmoja tu, mama yako. Huyo mmoja nikimwona analia kwa ajili ya mwanamke wa Madimba, sijui nitafanya nini. Nilimwendea. Nikamwambia. Akacheka, akasema mama umezeeka. Nikakaa hapo hapo kwake nikimenya muhogo. Baadaye akaacha kucheka. Akasema kweli, siku ile mumewe alipokuwa anakifunga kisanduku aliandika kitu kwenye simu, akatabasamu peke yake, akageuza simu ili yeye asione.

Chakula cha mchana hakikulika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata akili. Kama waifai inatoka kwenye kisanduku, basi mwenye kisanduku ndiye mwenye waifai. Asali haiombwi neno la siri. Unachukua mzinga.

Mama yako alipokwenda sokoni nikaingia, nikakichomoa. Nikakileta kwangu, nikakiweka ndani ya kinu, nikafunika ungo. Nikawasha laptopu pembeni ya kinu, karibu kabisa, nikangoja.

Safari hii haikuomba hata neno la siri. Ilisema hakuna waifai. Kabisa! Jana ilikuwepo imefungwa, leo mlango wenyewe haupo. Nikakitikisa. Kimekufa, taa hazipo. Kumbe kinakula umeme. Sasa kama kinakula umeme, waifai inakaa wapi kikishiba? Inapita ukutani bila tundu, inavuka ua, hainyeshewi na mvua. Nimepitisha mkono hewani. Hakuna kitu. Nimenusa pia.

Chini ya kisanduku nikakuta karatasi iliyobandikwa, ina herufi na namba zimepangwa kama jeshi. Nikazinakili zote kwa mkaa, pale pale ukutani, chini ya "a" yako ya kwanza.

Mama yako akarudi anapiga kelele. Anauza khanga kwa simu siku hizi, wateja walikuwa wanauliza bei, ghafla kimya. Akafuata alama za miguu yangu mpaka kwenye kinu. Akafunua ungo. Aliniangalia tu, nami nikamwuliza sokoni muhogo ni bei gani.

Kisanduku kikarudi ukutani kwao. Nikaandika zile namba zote, kidole kikaniuma. Imekataa. Rozalia, toka juu ya ukuta, akasema lile ni neno la dukani, na mkwe wangu kalibadilisha.

Kalibadilisha. Kwa nini mtu abadilishe neno zuri refu kama lile, kama hana wa kumweka?

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo.

Baba yako alifika jioni kabla ya magharibi, na pikipiki yake nyekundu, ile aliyonunua baada ya Idd. Hujaiona. Ungekuja ungeiona. Akaizima nje ya ua kama kawaida, akakohoa ili nijue, nami nikavuta khanga usoni. Shikamoo, mama, anaiambia ardhi. Marahaba, mwanangu, naiambia khanga. Ana adabu, hilo sikatai. Lakini hata mwizi wa kuku hupiga hodi.

Mama yako alikuwa amekaa na sahani ya ming'oko. Hajamkaribisha. Rozalia alikuja bila kuitwa, na kiti chake mkononi.

Nikamwambia mama yako amwambie mumewe hivi: kama hakuna mwanamke ndani ya kisanduku kile, alitamke neno hapa mbele ya watu.

Baba yako akaitazama ardhi. Kisha akasema, "Mwanamke yupo, mama."

Mama yako akaiweka sahani chini. Taratibu. Hapo ndipo niliogopa. Mama yako akikasirika hutupa vitu. Hajawahi kuweka chini taratibu.

"Ila mimi si wa kumtaja," akasema baba yako.

Nikashika mchi. Sikutaka kumpiga, nilitaka tu mkono uwe na kitu. Mama yako akaniambia niuache. Sauti yake haikuwa yake. Nikauliza, kwa mdomo wangu na bila ukuta, kama kwa mkewe hamtaji na kwangu hamtaji, atamtajia nani?

Akainua kichwa. Akatazama huku na huku. Akamwita Rozalia.

Akamsogeza kando, akamnong'oneza. Rozalia akamwambia arudie. Akarudia. Kisha yule mwanamke akanigeukia, akanipandisha na kunishusha, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitambaa alichokuwa anafutia meza.

"Somoe," akasema. "Somoe binti Chitanda. Ndiyo nani huyo?"

Mchi nikauegemea.

Jina hilo, Sabra, alikuwa akiniita mama yangu, kwa sauti, toka kwenye minazi, nikichelewa mtoni. Babu yako aliniita hivyo mpaka mama yako alipozaliwa. Baada ya hapo nimekuwa Mama Latifa, kisha Bibi Sabra. Nimekaa ukuta kwa ukuta na Rozalia mpaka sote tumeota mvi na hakulijua. Na wewe nadhani ndiyo unalisikia leo.

Baba yako akamweleza mama yako, mama yako akanieleza mimi, ingawa sote tulikuwa tunasikia. Alilikuta jina siku aliponipeleka kuandikishwa kitambulisho cha taifa. Alipofunga kisanduku akatafuta neno ambalo mtaa mzima hakuna alijuaye. Akaona ua ni wangu, jiko ni langu, basi na mlango huu ufunguke kwa jina langu. Akaandika siku ile moja tu, akafurahi. Halafu aibu ikamshika, maana mkwe hataji jina la mkwe, hata kwa kidole. Nilipouliza Jumanne akatamani ardhi impasukie.

Mama yako akacheka na kulia pamoja, akamwita mumewe mjinga, akampakulia. Mimi sikuomba radhi. Mkwe haombwi radhi. Nilichagua kipande cha ming'oko kikubwa kuliko vyote, nikamwambia mama yako hicho ni cha mwenye pikipiki.

Kisha nikaandika jina langu kwa kidole changu, herufi ndogo zote, bila kuacha nafasi. Rozalia alitaka kunisaidia. Nikamwambia hili nalijua.

Imefunguka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimefika.

Sabra, mto ni mpana! Unamwaga maji ya rangi ya chai ya maziwa, na bahari haiyakubali upesi. Yanasukumana kwanza. Michanga imetoka majini kama ndimi. Kweli umehama, nimeona njia yake ya zamani imekauka, kama mahali mtu alipolala. Kwenye ramani kuna mstari umekatisha maji, huku Tanzania, kule Msumbiji. Sisi tukioga pale hatukuuona. Nimeukuza na kuukuza. Ndani ya maji haupo.

Nimetafuta minazi. Nimekuta vidoa vya kijani ukingoni, vimesimama mstari mmoja. Nikaweka kidole juu yake nikakaa nacho hapo. Rozalia, ambaye leo amekuja kwangu kutazama, na kwaya yake ameifunga, akasema ile ni mikoko. Aliyezaliwa mlimani atajua nini? Ni minazi. Na kama ni mikoko, basi imeota pale pale.

Nilimkaribisha chai. Akaniita Somoe. Nimemkatalia. Akaniita tena. Nimemwachia.

Jumapili, 12 Oktoba

Baba yako amerudi kazini. Tumeagana vizuri, yeye na ardhi, mimi na khanga. Mkwe kama huyu hapatikani kwa dua. Nimelala kama mtoto.

Asubuhi nikafungua tena, nikarudi toka mtoni kidogo kidogo, natazama tu, nikapita Madimba. Nikaona mapaa makubwa ya gesi anakofanya kazi. Nikafurahi. Nikasema ngoja nitazame na majirani zake. Basi, Sabra, pembeni kidogo, nyuma ya mikorosho, kuna nyumba ya paa la kijivu. Uani kwake kuna doa jekundu. Dogo. Refu kidogo. Limeegeshwa.

Nimemwita Rozalia. Akavaa miwani. Akasema picha ni ya zamani, nitazame paa letu hapa Ufukoni, bado ni makuti, na pikipiki ile imenunuliwa mwaka huu. Nikamwambia mwewe wao huenda Ufukoni hajapita, lakini Madimba kapita jana. Akasema lile doa ni ndoo. Wivu umemzidi yule mwanamke toka alijue jina langu.

Ndoo gani inaegeshwa?

Mama yako sijamwambia.

Basi ukija, usishukie nyumbani. Panda gari la Msimbati, ushuke Madimba, uulize nyumba ya paa la kijivu nyuma ya mikorosho. Ukikuta mwanamke, msalimie vizuri, una adabu, nimekulea. Muulize jina lake na la baba yake. Uyaunganishe bila kuacha nafasi, uniletee.