Gego Langu na Dawa ya Ubongoni

Jumatatu, 3 Machi
Gego limeamka. Shavu limevimba. Daktari wa meno ameamua kuling'oa Alhamisi, baada ya sindano ya ganzi. Sindano! Ya ufizini! Nimejikaza kiume, nikatoka mbio.

Nyumbani nimemkuta shemeji, fundi cherehani, mjamzito wa kujifungua leo au kesho. Sindano ya cherehani imemdunga kidole. Akaichomoa, akaendelea kushona. Aliyepiga yowe ni mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemuuliza jirani yetu muuguzi siri ya shemeji. Amesema ubongo hujitengenezea dawa ya maumivu, nayo hufanya kazi kwa kushika vipokezi maalumu, kama ufunguo na kitasa. Homoni za ujauzito huizidishia nguvu. Mimi mimba nitaitoa wapi? Nikambana. Akakiri kuwa hata mazoezi makali huiamsha kidogo, ila hayachukui nafasi ya ganzi. Hayo ya mwisho sikuyatilia maanani.

Mpango umeiva! Nitakimbia, ubongo utajaa dawa, jino litang'olewa kavukavu. Mke wangu ameuliza mbona nacheka kwa shavu moja.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepanda na kushuka ngazi za kliniki hadi nikalowa chapachapa. Nimeingia kwa daktari natweta. Akanipima presha, akashtuka. Amesema hang'oi jino la mtu anayetaka kuzimia. Nirudi kesho, nimetulia.

Nitatuliaje? Gego linapwita, roho iko mkononi. Shemeji amejitolea kunisindikiza. Na tumbo lile! Aibu gani hii?

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia daktari aache ganzi, ubongo wangu uko tayari. Akaligusa jino kwa ncha ya kifaa. Akaligusa tu! Yowe langu limewakimbiza wagonjwa wawili kwenye foleni. Nimekuwa mdogo kama kidonge cha piritoni. Shemeji akamwambia daktari anidunge, la sivyo atanidunga yeye, anao uzoefu. Nikafumba macho, nikamng'ang'ania mkono. Nikadungwa. Jino likatoka, sikusikia maumivu hata chembe.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari sana. Sikusikia maumivu hata chembe! Daktari anadai ni ganzi. Ganzi wapi! Ni zile ngazi za Alhamisi, dawa ya ubongo ilichelewa tu njiani.

Gego la upande wa pili limeanza kuuma. Safari hii nitakimbia siku moja kabla. Shemeji asijue.