Dakika Moja ya Kuwakumbuka Watu wa Nakachele

Leo nimejiaibisha Newala mbele ya wazee, na nilikuwa nimejiandaa vizuri.

Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa Masasi, nakusanya majina ya mahali kwa ajili ya ramani itakayotundikwa kwenye chumba cha urithi. Kazi hii nilijifunza mwenyewe. Kila jina napaswa kulipatia aina, na aina lazima itoke kwenye maneno machache niliyoyapitisha: kijiji, kisima, mlima, mahame. Mahame ni makazi yaliyohamwa. Kanuni yangu inasema: nyumba zipo, watu hawapo. (Niliipenda kwa ufupi wake.)

Mwezi uliopita nilifika Nakachele, kitongoji kilicho mbele ya kijiji cha Mkunya. Nikapiga hodi kila nyumba. Kimya. Kuku walikuwepo, lakini kanuni haikutaja kuku. Nikaandika: mahame.

Leo wazee wamekutana kuipitisha ramani yangu. Wakiikataa, haitundikwi. Nikaona nianze kwa heshima.

"Tusimame dakika moja, tuwakumbuke watu wa Nakachele, ambao hatunao tena."

Ukumbi wote ukasimama. Mama mmoja wa mstari wa nyuma akainamisha kichwa kuliko wote. Tulipoketi, yeye akabaki amesimama.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, Baba Neema. Mimi Mama Somoe wa Nakachele. Nimekuja na hawa wawili. Tumekufa lini?"

Nikaeleza kanuni. (Ndiyo, niliisoma. Yote.) Nikaeleza na siku niliyopita kwao.

"Siku hiyo tulikuwa msibani Mkunya, wote, wakubwa kwa watoto. Kwani kwenu Masasi mtu akifa mnabaki nyumbani mmekaa?"

"Mama Somoe, acha," akasema mzee wa pembeni yake. "Marehemu hagombi."

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani. Ilipofika chai, mtu akatangaza kwa sauti ya kanisani: "Jamani, tuwapishe marehemu kwanza." Nikawapisha. Mama Somoe akachukua maandazi mawili, akaniangalia, akaongeza la tatu.

Ramani imepita, kwa sharti moja: Jumamosi niende Nakachele nikawasalimie walio hai, nyumba kwa nyumba.

Nimeshafuta mahame, nimeandika kijiji. Naomba asicheke mtu. Kanuni nayo imepata mstari mpya: ukiona kuku, kaa chini, uwasubiri wenyewe.