Feni Ndani ya Bomba la Moshi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Upuuzi mtupu! Miaka kumi na tisa mimi ndiye mkuu wa boila katika kiwanda hiki cha kufulia mashuka. Leo bosi ananiambia Alhamisi anakuja mtu kupima gesi za bomba letu la moshi. Sumu ikizidi kiwango, boila anakabidhiwa shemeji. Shemeji! Kaka wa mke wangu, niliyemwingiza kazini kwa mkono wangu mwenyewe! Kasema nisijali, yeye yupo. Ndiyo kinachoniuma: kwamba yupo.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimepata! Moshi ukichanganywa na hewa safi, sumu inapungua. Kumbe rahisi hivi! Nimetoboa bomba nyuma ya boila na kufunga feni ya ofisini. Bosi anaitafuta, kalowa jasho. Na alowe. Mke wangu kauliza masizi ya shingoni yametoka wapi. Nimemwambia akamuulize kaka yake.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mpimaji ni mama mfupi, mwenye miwani, hana haraka hata chembe. Kaingiza mrija wa chuma kwenye bomba, mashine ikavuta moshi. Sumu kiduchu! Nikamkonyeza shemeji.

Kisha mama akauliza: babu, hapa mnachoma mafuta au mnapunga upepo? Babu! Mimi! Akatangaza mbele ya wafuaji wote kwamba oksijeni ni asilimia kumi na nane, wakati moshi wa boila huwa na nne, tano hivi. Hii ni hewa ya dirishani, akasema. Eti mashine yake huiondoa hewa ya ziada kwenye hesabu. Ikaiondoa. Sumu ikaruka mara tatu ya kiwango! Mama akaufuata mvumo hadi kwenye feni. Shemeji akauliza kama boila nayo imeanza kusikia joto. Wafuaji walicheka hadi wakaangusha mashuka.

Alipoondoka alisema kichomeo kimeziba kwa masizi, kisafishwe, atarudi Jumatatu. Nikamwambia mgeni haniamrishi kufagia kwangu. Bosi akaninyang'anya funguo, akampa shemeji. Kwa muda, eti!

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nakunja mashuka. Nakunja vibaya, makusudi.

Mama karudi na mashine yake. Boila imefaulu. Ukuu ni wa shemeji, moja kwa moja. Mke wangu kapiga vigelegele, kisha akakumbuka kaolewa na nani.

Lakini nimemnasa! Mfuaji mmoja kaniambia shemeji alikisafisha kichomeo Ijumaa, nusu saa nzima, kimyakimya. Alikisafisha KABLA ya kupimwa! Mnaona hila hiyo? Nimeandika malalamiko, kurasa nne, kwa herufi kubwa. Nadai boila irudishiwe masizi yake yote na ipimwe upya, kwa uaminifu.