Uzinduzi wa Kituo cha Kupasha Moto Injini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu wake, ambaye pia ni shemeji yangu, na ambaye pia ndiye mkandarasi, wakuu wa idara, wasaidizi wa wakuu wa idara, na wanaokaimu nafasi za wasaidizi hao, viongozi wetu wa dini, kina mama, kina baba mliosimama kwa sababu viti vimekaliwa na makoti ya waheshimiwa, madereva, utingo na mafundi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna mkubwa niliyemruka, anivumilie, nitamtaja mwishoni. (Makofi ya glavu, hayasikiki sana.)

Ndugu wananchi, nimesimama mbele yenu asubuhi hii ya baridi kali, mimi mwenyewe, kwa miguu yangu mwenyewe, kuzungumzia janga la injini kugoma kuwaka kunapokuwa na baridi, kwani utafiti wa kina uliofanywa na ofisi yangu, kupitia dirisha la ofisi yangu, umebaini kwamba asilimia tisini na tatu ya magari ya mji huu huamka na uvivu, na asilimia ishirini iliyobaki haiamki kabisa. (Mwalimu wa hesabu anakohoa.) Pole, mwalimu, baridi hiyo.

Kwa kulitambua hilo, tuliwakutanisha mastekiholda wote, tukafanya wekishopu, tukaandaa mpango mkakati mtambuka, kisha mimi na shemeji tukaenda ziara ya mafunzo huko kwenye joto, ufukweni, maana huwezi kupasha kitu moto kama wewe mwenyewe hujalielewa joto. (Kicheko kwenye benchi la madereva.) Chekeni, lakini tumerudi na mradi! Nyuma ya pazia hili zito jekundu, ambalo kamati ilihangaika jana jioni kulitafuta, nami sikuuliza limetoka wapi kwa kuwa naamini vijana wangu, kipo Kituo cha Kisasa cha Kupasha Moto Injini.

(Dereva wa gari la wagonjwa ananyoosha mkono.)

Teremsha mkono, ndugu dereva, maswali yana muda wake. Hadi leo mmekuwa mkitumia njia duni: mnafunika injini usiku, mnaziba rejeta kwa kadibodi, mnaegesha gari pua ikitazama ukuta ili upepo usilipige. Tena mnaambizana eti injini hupata joto upesi ikianza safari polepole kuliko ikisimama na kunguruma! Njia hizo zinafanya kazi, sikatai, lakini hazina mpango kazi. Tazameni gari langu lile pale. Linanguruma tangu alfajiri, halizimwi, na koti langu limo ndani likipata joto. Huo ndio utaalamu. (Moshi unaifikia safu ya nyuma.)

(Mkunga anakuja mbio kutoka zahanati iliyo ng'ambo ya barabara, aproni haijafungwa. "Jamani, mke wa fundi cherehani! Mtoto amekaa vibaya, lazima afike hospitali kubwa sasa hivi, na gari la wagonjwa halitaki kuwaka!")

Mnasikia? Mama huyu amethibitisha hoja yangu, tena bila kulipwa posho! Gari hilo litakuwa mnufaika wa kwanza.

("Mheshimiwa," dereva anasema, "hilo gari huwa linawaka kila siku. Kila jioni nalifunika injini kwa blanketi langu jekundu. Jana kamati yako ikaja ikalibeba. Ndilo hilo ulilolitundika hapo." Shemeji anatazama viatu vyake.)

Halikubebwa, ndugu yangu, liliazimwa kwa masilahi ya umma. Na litarudishwa, lakini utaratibu ni utaratibu: pazia haliondoki kabla ya utepe kukatwa, utepe haukatwi kabla ya hotuba kwisha, na hotuba ndiyo kwanza iko kwenye utangulizi.

("Baba," mkunga anasema kwa hasira, "mtoto hajui itifaki." Anapanda jukwaani, anavuta blanketi, utepe unakatika wenyewe. Nyuma yake kuna nyasi zenye umande na koleo moja.)

Kama mnavyoona, kituo kina nafasi ya kutosha. (Zomeazomea.) Tulieni! Kiko katika hatua ya awali kabisa ya… mama mkunga, unakwenda wapi? Hilo ni gari langu! Lina bendera! Nyinyi mnaotoka zahanati, msimbebe huyo mama mjamzito kumwingiza humo! Dereva wangu, usithubutu… mbona unamfungulia mlango? (Fundi cherehani anampakata mkewe kwenye kiti cha nyuma, mkunga anamfunika kwa blanketi jekundu. Gari linaondoka bila kukohoa hata kidogo. Vigelegele.)

Ehe. Ndugu wananchi, mmeshuhudia kwa macho yenu: injini imepashwa moto, imeondoka, imebeba mgonjwa. Utekelezaji ni asilimia mia na kumi! Nikisema "Injini moto!" mjibu "Maendeleo moto!" Injini moto! ("Hotuba baridi!") Injini moto! ("Hotuba baridi!") Ahsanteni, mnajitahidi.

Kwa kumalizia, namshukuru shemeji kwa koleo lake. Naishukuru kamati kwa kulizungushia utepe eneo ambalo, nimenong'onezwa sasa hivi, ni uwanja wa watoto wa shule. Nawashukuru nyote kwa kuja kuzindua kituo ambacho ujenzi wake utaanza mara tu tutakapopata kiwanja, ramani, na sababu. Na yule mkubwa niliyemruka kumtaja ni huyo mtoto anayezaliwa. Apewe jina langu. ("Ng'o!" wanasema kina mama kwa pamoja.)

Mwisho kabisa, ndugu zangu, meno yanagongana, na koti langu limeondoka na gari. Nani ataniazima walau kitambaa? Nani atanifikisha ofisini?

(Watu wanakwenda zao, wengi zahanati, kusubiri habari. Dereva wa gari la wagonjwa anabaki nyuma kidogo. "Mheshimiwa," anasema kwa upole, "anza kutembea, polepole tu. Ukisimama hapo na kunguruma hutapata joto.")